Mtumishi wa malkia aliyempandisha mfalme juu ya farasi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naishi Berlin mwaka wa tatu sasa, nasomea uuguzi. Kila asubuhi basi langu hupita barabara ya Unter den Linden, na pale katikati yupo mfalme juu ya farasi, mkubwa ajabu. Mwenzangu mmoja Mjerumani ameniambia kuwa aliyetengeneza sanamu ile alikuwa mtumishi wa ndani wa malkia, mtu wa kufungua milango na kubeba sinia. Ni kweli, au ni hadithi za mjini? Kama ni kweli, aliwezaje kutoka huko hadi huku? Na lidude lote lile, alilichonga kwa mikono yake mwenyewe?"

Marahaba, mwanangu. Mwenzako hakukudanganya. Aliyetengeneza sanamu ile ni Christian Daniel Rauch, na kweli aliwahi kuwa mtumishi wa ndani wa Malkia Luise wa Prussia, ufalme ambao mji wake mkuu ulikuwa Berlin. Nimefundisha historia ya uchongaji kwa muda mrefu, na kila nikifika kwa Rauch huwa nawaambia wanafunzi wasiuruke utumishi ule kana kwamba ni aibu ya ujanani. Naamini bila utumishi ule kazi yake bora kuliko zote isingekuwapo. Kazi hiyo si ya mfalme na farasi. Nitaifikia.

Alizaliwa tarehe 2 Januari 1777 huko Arolsen, mji mdogo wa watawala wa Waldeck. Wakati huo hapakuwa na nchi moja iitwayo Ujerumani. Palikuwa na falme na himaya ndogondogo, kila moja na kasri lake, na kila kasri na watumishi wake. Baba yake Rauch alikuwa mmoja wa watumishi hao. Kijana alipofika umri wa miaka 13 akapelekwa kwa Friedrich Valentin, mchongaji wa watawala wa Waldeck, ajifunze kazi. Mwaka 1795 akahamia Kassel kwa fundi mwingine, Johann Christian Ruhl. Mambo yalikuwa yameanza kunyooka. Kisha 1796 baba akafariki, na mwaka uliofuata akafariki kaka yake, aliyekuwa akitumikia kasri la mfalme wa Prussia huko Potsdam, karibu na Berlin. Kijana wa miaka 20 akaweka tindo chini na kuingia katika utumishi, kama baba na kaka yake walivyofanya. Mfalme aliyemkuta, Friedrich Wilhelm wa Pili, alikufa Novemba mwaka huohuo wa 1797, na Rauch akawa mtumishi wa malkia mpya, mke wa Friedrich Wilhelm wa Tatu.

Luise alizaliwa Machi 1776, kwa hiyo malkia na mtumishi wake walipishana miezi kumi tu. Sasa ifikirie kazi yenyewe. Mtumishi wa chumbani husimama pembeni, hasemi mpaka asemeshwe. Lakini macho yake hayalali. Anapaswa kujua kwa kutazama shingo tu kama bibi amechoka, kwa kutazama mkono tu kama barua aliyoipata ni ya kheri au ya msiba. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni adabu ya kazi. Kwa kijana aliyekwisha kufundishwa kushika tindo, hiyo ilikuwa shule ya kutazama mwili wa binadamu siku nzima, miaka nenda rudi. Husimuliwa kwamba siku moja Luise alimfumania akifinyanga sura yake kwa nta, na badala ya kumkaripia akamfungulia njia ya kwenda kusoma katika Chuo cha Sanaa cha Berlin.

Huko mkubwa wa fani alikuwa Johann Gottfried Schadow, yule aliyetengeneza farasi wanne walio juu ya lango la Brandenburg. Schadow alikuwa ameshamchonga Luise mwenyewe alipokuwa binti wa kifalme, amesimama na mdogo wake Friederike, wameshikana kama marafiki wanaorudi matembezini. Rauch alijifunza kwake huku bado akiwa mtumishi, na mwaka 1804 akapewa ruhusa na msaada wa fedha kwenda Roma.

Roma wakati ule ndiyo ilikuwa Makka ya wachongaji. Antonio Canova alikuwapo, na Mdenmark Bertel Thorvaldsen, wote wawili wakichonga marumaru kwa kufuata Wagiriki wa kale. Rauch alijifunza kwao, lakini aliyembeba zaidi hakuwa mchongaji. Alikuwa Wilhelm von Humboldt, mwanazuoni wa lugha na balozi wa Prussia, ambaye nyumba yake ilikuwa wazi kwa wasanii. Rauch aliingia humo kama rafiki wa nyumbani. Alikula na kuzungumza na watu ambao, kwa desturi ya Potsdam, angesimama nyuma ya viti vyao.

Nyumbani mambo yaliharibika. Mwaka 1806 Napoleon aliivunjavunja Prussia vitani, mfalme na malkia wakakimbilia mashariki kabisa mwa nchi, na 1807 Luise akaenda Tilsit kumwomba Napoleon ana kwa ana apunguze masharti ya amani. Hakupata kitu, lakini watu walimpenda kwa hilo kuliko walivyowahi kumpenda malkia yeyote. Tarehe 19 Julai 1810 akafariki katika kasri la Hohenzieritz, nyumbani kwa baba yake, akiwa na miaka 34. Mfalme akataka sanamu ya kaburi. Humboldt akamsemea Rauch, na 1811 mtumishi wa zamani akaitwa Berlin kumtengeneza bibi yake.

Hapa ndipo pa kutulia kidogo. Nenda bustani ya kasri la Charlottenburg. Mwisho wa njia ya misonobari kuna jengo dogo lenye nguzo, kama hekalu. Nenda majira ya joto, maana wakati wa baridi hufungwa. Ndani, juu ya jeneza la marumaru, Luise amelala. Mikono imekutana kifuani. Kichwa kimeinama kidogo upande mmoja. Nguo ni kitambaa chembamba kinachoshika mwili kama kanga iliyolowa. Kisha tazama miguu: mmoja umepita juu ya mwenzake.

Wewe ni muuguzi, unajua ninachotaka kusema. Maiti halazwi hivyo. Ukimlaza maiti unainyoosha miguu, unaiweka sawa, unaifunga. Anayepishanisha miguu ni mtu hai aliyepitiwa na usingizi mchana, aliyejilaza dakika chache kabla ya wageni. Rauch hakuweka malaika wa kulia pembeni. Alimwonyesha mwanamke amelala, kama alivyoweza kumwona mtu aliyeruhusiwa kuingia chumbani. Canova angeweza kuchonga ngozi laini kuliko ile, na Thorvaldsen angeweza kuchonga mistari safi kuliko ile. Lakini kati ya wachongaji wote waliokuwa Roma, Rauch peke yake ndiye aliyewahi kufanya kazi ndani ya nyumba ya Luise. Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la "aliwezaje."

Udongo aliufinyanga Charlottenburg, mfalme akija kutazama. Marumaru ilichongwa Italia. Kazi ilipokwisha, 1814, ikapakiwa melini, na hapo ikakutana na mkasa. Marekani na Uingereza walikuwa vitani. Meli ikatekwa baharini na manowari binafsi ya Wamarekani, yaani watu waliopewa kibali na serikali yao kuteka meli za adui, kisha Waingereza wakaikomboa kutoka kwao. Malkia wa Prussia, akiwa amelala ndani ya sanduku la mbao, alibadilisha mabwana mara mbili kabla ya kufika. Mei 1815 akawekwa mahali pake. Rauch alikuwa na miaka 38, na kuanzia siku hiyo hakukosa kazi tena.

Sasa swali lako la mikono, ambalo nimelipenda kuliko yote, kwa sababu wengi huona haya kuliuliza. Mikono ya Rauch ilikuwa kwenye udongo. Mchongaji wa aina yake alianza na kisanamu kidogo cha udongo au nta, akakibadilisha mara nyingi, kisha akafinyanga kikubwa, udongo ukishikiliwa na mifupa ya chuma na mbao. Udongo haudumu, ukikauka unapasuka. Kwa hiyo unafunikwa kwa plasta, plasta inageuka kalibu, na ndani ya kalibu inamiminwa plasta nyingine. Sanamu ya plasta inayotoka humo ndiyo nakala mama. Kwa mchongaji wa karne ile, kazi ya akili na jicho ilikuwa imekwisha hapo. Kilichobaki kilikuwa cha mafundi.

Kama sanamu ni ya marumaru, mafundi huweka nakala ya plasta na pande la jiwe bega kwa bega. Hutumia timazi na bikari. Wanapima kutoka uzi wa timazi hadi ncha ya pua ya plasta, kisha wanatoboa jiwe kwa kekee mpaka kina kilekile. Wanapima kidevu, wanatoboa. Bega, wanatoboa. Nukta huweza kufika mamia. Jiwe likishajaa matundu, wanapasua lililo nje ya matundu, na umbo linatokea kama mtu anayetoka ukunguni. Kisha bwana mwenyewe huja na tindo nyembamba kumalizia uso, vidole, kingo za nguo. Rauch alijua jiwe. Alikuwa na karakana Carrara, penye machimbo ya marumaru, na alichagua mapande yeye mwenyewe, kwa sababu mshipa mweusi ukitokea katikati ya shavu, kazi ya miaka imeharibika.

Kama sanamu ni ya shaba, basi kuna fundi mwingine kabisa, msubu shaba, mwenye tanuri na wasaidizi wake. Nakala ya plasta hukatwa vipande, kila kipande kikafanyiwa kalibu, shaba iliyochanganywa na bati ikayeyushwa na kumiminwa. Kisha vipande vinaungwa na mafundi wa patasi wanakaa miezi wakisugua viungo mpaka visionekane. Rauch alipoanza, Berlin ilikuwa hodari wa kusubu chuma, si shaba: mnara wa Kreuzberg uliozinduliwa 1821, ambao mchoro wake ni wa msanifu majengo Karl Friedrich Schinkel na baadhi ya sanamu zake ni za Rauch, wote ni chuma. Kwa sanamu ya shaba ya Jenerali Blücher, ya 1826, ilibidi watafutwe mafundi kutoka Ufaransa. Baada ya hapo mji ukajifunza.

Kwa hiyo yule mfalme unayempita asubuhi hakuchongwa kamwe. Alifinyangwa, kisha akasubiwa. Rauch alifinyanga na kusimamia. Aliyesubu shaba ni Karl Ludwig Friebel. Nasisitiza hili kwa sababu watu wakilisikia hupungukiwa na heshima, kana kwamba wametapeliwa. Mjenzi hatumbebeshi lawama kwa kutobeba matofali. Tangu 1819 Rauch alikuwa na karakana katika jengo kubwa la zamani la ghala kwenye mtaa wa Klosterstraße, na humo walipita vijana waliokuja kuwa majina: Ernst Rietschel, Friedrich Drake aliyetengeneza yule mwanamke wa dhahabu mwenye mabawa juu ya mnara wa Siegessäule, August Kiss, Albert Wolff na wengine. Karakana ile ilikuwa shule kuliko kiwanda.

Jambo moja lililowasumbua wachongaji wa wakati ule kuliko tunavyoweza kudhani leo ni mavazi. Mtu mashuhuri avishwe nini? Kanzu za Wagiriki na Warumi, kwa sababu ushujaa hauna mtindo wa mwaka fulani? Au koti, suruali na buti alizovaa kweli? Rauch alitafuta njia ya kati, na alama yake ni joho. Tazama majenerali wake wa vita dhidi ya Napoleon, Scharnhorst na Bülow wa marumaru, wa 1822, ambao waliwekwa kando ya jengo la walinzi la Neue Wache: chini ni sare ya jeshi, vifungo na buti, juu ni joho zito lenye mikunjo, linaloficha ushonaji na kumpa mtu umbo la jiwe la kale. Scharnhorst hana hata upanga wa kutisha mkononi, anawaza. Yeye ndiye aliyelijenga upya jeshi lililoshindwa, na Rauch alimtengeneza kama mwalimu.

Joho hilohilo lilimkosesha kazi moja kubwa. Mji wa Weimar ulitaka sanamu ya washairi Goethe na Schiller wakiwa pamoja. Rauch akatengeneza mfano, washairi wamevishwa nguo za kale. Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria, aliyekuwa akitoa shaba, akasema hapana, wavae walivyovaa. Rauch hakukubali. Kazi akaachiwa mwanafunzi wake Rietschel, ambaye aliwavisha makoti, na sanamu hiyo, iliyozinduliwa Septemba 1857, ndiyo iliyopendwa kote. Naona Rauch alikosea, tena alikosea mahali ambapo yeye mwenyewe alishapata jibu. Maana alimjua Goethe. Mwaka 1820 alikwenda Jena na mchongaji mwenzake Friedrich Tieck, wakafinyanga kichwa cha mzee huyo akiwa na miaka 70, kila mmoja na udongo wake. Kichwa cha Rauch kinageuka upande kwa ghafla, kama mtu aliyesikia jina lake. Na miaka michache baadaye akatengeneza kisanamu kidogo cha Goethe amevaa gauni la nyumbani, mikono nyuma, tumbo mbele kidogo. Hakuna Mgiriki hapo, wala mfalme. Ningepewa nichague kitu kimoja cha Rauch nikiweke mezani kwangu, ningechagua hicho. Tena lile ni jicho la mtumishi: linamjua bwana mkubwa alivyo kabla hajavaa kwa ajili ya wageni.

Mfalme juu ya farasi ni Friedrich wa Pili, wanayemwita Mkuu. Tangu alipofariki 1786 watu walikuwa wakibuni sanamu yake, Schadow kwanza, Schinkel baadaye, michoro ikajaa makabati. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 1 Juni 1840, miaka 100 tangu Friedrich akalie kiti, na siku sita baadaye Friedrich Wilhelm wa Tatu, mjane wa Luise, akafariki. Rauch ndiye aliyemchonga na yeye, amelala kando ya mkewe Charlottenburg. Kazi ya farasi ikachukua miaka kumi na moja. Ilizinduliwa 31 Mei 1851. Rauch alikuwa na miaka 74. Kimo cha sanamu yote ni mita 13.5.

Nikuambie kweli, kitako cha sanamu, yaani jukwaa inaposimama, kimejaa kupita kiasi. Kwenye pembe kuna wapanda farasi wanne, kati yao wamebanana makamanda wenye ukubwa wa binadamu, mpaka jicho halijui pa kupumzika. Vita, vita, vita. Lakini Friedrich mwenyewe ni mzuri: kofia ya pembe tatu, sare yake aliyoizoea, fimbo yake ya kutembelea ikining'inia mkononi, na juu ya yote joho la Rauch.

Sanamu hiyo nayo ina maisha yake. Mwaka 1950 serikali ya Ujerumani Mashariki iliishusha, kwa kuwa haikutaka wafalme wa Prussia katikati ya mji wake mkuu, ikapelekwa Potsdam kwenye bustani za Sanssouci. Mwaka 1980 serikali ileile ikairudisha.

Schadow aliishi kushuhudia mwanafunzi wake akimpita, na anakumbukwa kwa neno alilolisema kuhusu hilo. Kwa Kijerumani, kama unavyojua, "Rauch" maana yake ni moshi. Schadow akasema sifa yake imeishia kwenye moshi. Uchungu ulikuwamo, lakini wawili hao hawakuwa maadui, na leo wote wamezikwa katika makaburi ya Dorotheenstadt, mtaa wa Chausseestraße, Schinkel naye yumo. Rauch hakuoa, alikuwa na mabinti aliowapenda, na mmoja wao, Agnes, aliolewa na Eduard d'Alton, profesa wa anatomia wa Halle. Alifariki Dresden tarehe 3 Desemba 1857, miezi mitatu baada ya Weimar kuzindua sanamu ya mwanafunzi wake.

Siku moja ukiwa na nafasi, shuka kwenye basi kituo kimoja kabla, umfuate mfalme kwa nyuma. Chini ya mkia wa farasi, mahali ambapo gwaride halipiti, Rauch aliwaweka watu wasiokuwa wanajeshi: mwanamuziki Graun, mwandishi Lessing, na mwanafalsafa Immanuel Kant, hawa wawili wa mwisho wakizungumza. Wenyeji wa Berlin wamechekeshwa na mahali hapo tangu mwanzo. Lakini mtazame Kant. Mzee Rauch alimpenda kiasi kwamba alimtoa hapo akamtengeneza upya peke yake, mkubwa, kwa ajili ya mji wake wa Königsberg, ikawa miongoni mwa kazi zake za mwisho. Ilizinduliwa 1864, yeye akiwa kaburini. Sanamu hiyo ilipotea katika vita vya pili vya dunia. Mwaka 1992 ilitengenezwa nyingine ya kufanana nayo, na sasa imesimama huko, mji ukiwa wa Urusi na unaitwa Kaliningrad. Wa Berlin hajatoka pale chini ya mkia isipokuwa ile miaka thelathini ya Potsdam, na bado hajamaliza kumweleza Lessing alichokuwa akimweleza.